Deraya ya Chuma au Kizibao cha Ngozi: Umvalishe Nini Mlinzi wa Mpakani, na Umvalishe Nini Mwenyeji Aliyepambana Naye?

Kila anayeandika hadithi ya kihistoria, anayechora katuni au anayeandaa mavazi ya jukwaani hufika mahali pa kuamua mwili wa mhusika wake ukingwe kwa kitu gani. Wengi hukimbilia chuma. Askari wa dola anapewa chuma kifuani, mwenyeji anayepambana naye anaachwa kifua wazi, na msomaji anaachiwa ajazie mwenyewe nani alikuwa ameendelea na nani alikuwa nyuma. Mpangilio huo ni rahisi, lakini katika mipaka mingi haukuwa hivyo kabisa.

Mpaka ninaopenda kuutolea mfano ni ule wa kaskazini mwa Hispania Mpya, yaani nchi ambayo leo ni kaskazini mwa Meksiko pamoja na Texas, New Mexico, Arizona na California. Kule mambo yalikwenda kinyume. Walinzi wa mfalme wa Hispania, waliotoka kwenye dola yenye wahunzi hodari wa Ulaya, walivua chuma wakavaa ngozi. Na miongoni mwa wenyeji wakatokea watu walioshika kile chuma kilichoachwa, wakakivaa kwa fahari mpaka katikati ya karne ya 19. Ukielewa kwa nini kila upande ulichagua ulivyochagua, hutapata shida kuamua umvalishe nini mhusika wako.

Mavazi yenyewe

Deraya ya pete ndiyo inayojulikana zaidi. Ni maelfu ya pete ndogo za chuma, kila pete imepitishwa ndani ya nyingine nne na ncha zake zimefungwa kwa ribiti. Hulala mwilini kama kitambaa, humruhusu mtu kuinama na kupanda farasi bila kusaidiwa, na makali ya upanga yakiipiga hayapiti. Shati moja huwa na kilo 9 hadi 12 hivi, na uzito huo wote hukaa mabegani mpaka ufunge mkanda wa kubana kiunoni.

Bamba la kifua ni chuma kipana kilichofuliwa kwa umbo la kiwiliwili. Huzuia ncha kali kuliko pete, lakini halipindi, na lazima limkae mwenyewe. La mtu mnene halimfai mwembamba. Chepeo ya chuma huenda pamoja nalo, ingawa wengi walibaki na chepeo baada ya kuliacha bamba.

Kizibao cha ngozi ndicho kilichowapa jina askari wa ngome za mpakani: soldados de cuera, askari wa kizibao cha ngozi. Mhandisi Miguel Costansó, aliyekwenda California na msafara wa mwaka 1769, aliwaeleza kwa makini. Kizibao hakikuwa na mikono, na kilitengenezwa kwa tabaka sita au saba za ngozi nyeupe ya paa. Mshale haukukipenya, isipokuwa ukipigwa kutoka karibu sana. Mkono wa kushoto ulishika ngao ya tabaka mbili za ngozi mbichi ya fahali. Mbele ya tandiko walifunga aproni ya ngozi iliyoning'inia pande zote mbili za farasi na kufunika mapaja na miguu, ili miiba isiwachane wanapopita vichakani mbio. Kizibao kilikuwa na uzito wa kilo 8 hivi. Kwa hiyo anayedhani ngozi ilichaguliwa kwa wepesi peke yake hajapata jibu lote, maana kilo 8 si mchezo juani.

La nne ni joho la pamba iliyojazwa na kushonwa kwa nguvu, vazi la vita la watu wa Meksiko tangu kabla Wahispania hawajafika. Wahispania walilichukua mapema. Katika orodha ya watu waliokaguliwa Compostela mwezi Februari 1540, kabla ya msafara wa Francisco Vázquez de Coronado kwenda kaskazini, wengi wameandikwa kuwa na "silaha za nchi", yaani mavazi ya kivita ya kienyeji. Wenye chuma cha kutosha walikuwa wachache. Picha ya safu ndefu ya wapanda farasi wanaometameta kwa chuma tangu kichwani hadi miguuni, ile inayopendwa mno, ifute.

Mshale dhidi ya pete

Hapa ndipo jambo lenyewe lilipo, na ndipo ninapokuomba ukae kidogo.

Hernando de Soto alitua Florida mwaka 1539 akiwa na watu waliovaa deraya ya pete. Walipofika kwa Waapalachee walikutana na pinde ndefu nzito ambazo Mhispania wa kawaida alishindwa kuzivuta. Simulizi moja la msafara huo, lililoandikwa miaka mingi baadaye, linaeleza jaribio. Walichukua deraya nzuri, wakaivisha kwenye kapu, wakamwambia mateka mmoja Mwapalachee aipige mshale. Mshale ulipita moja kwa moja. Wakaongeza deraya ya pili juu ya ya kwanza. Mshale ukazitoboa zote mbili ukakwama humo. Tangu hapo, simulizi linasema, askari walizidharau deraya zao na kujishonea makoti manene yaliyojazwa, ya unene wa vidole vitatu au vinne.

Masimulizi mengine ya msafara huohuo yanatoa sababu ambayo ukiifikiria unaona ni kweli. Mshale wa mwanzi, hata usio na ncha ya jiwe, ukigonga pete hupasuka, na vile vibanzi vyake hupenya katikati ya pete na kuingia mwilini. Jeraha la vibanzi ni baya kuliko la ncha moja safi. Pete iliundwa izuie makali yanayopita juu yake. Kitu chembamba kinachokuja kwa kasi hutafuta tundu, na deraya yote ni matundu.

Ngozi ya tabaka saba na pamba iliyoshindiliwa hufanya kazi kwa namna nyingine. Hazina tundu. Ncha ikiingia hukutana na tabaka, kisha tabaka, kisha tabaka, na kila moja hula sehemu ya nguvu yake. Mshale hubaki umening'inia kwenye kizibao na mtu anaendelea kupanda farasi wake. Kwa hiyo tukiweka deraya ya pete na kizibao cha ngozi sambamba mbele ya mpiga upinde hodari, mimi nachagua ngozi bila kusita. Mbele ya upanga au jambia, narudi kwenye pete.

Chuma hakikukosa pa kusimamia, na ni haki kusema hivyo. Mwezi Julai 1540, Coronado aliposhambulia Hawikuh, mji wa Wazuni, alikuwa amevaa chuma chenye dhahabu kilichong'aa kuliko cha mtu yeyote. Wazuni walimwona mara moja. Walimrushia mawe makubwa kutoka juu ya mapaa, wakamwangusha chini mara mbili, na mshale ukampata mguuni. Yeye mwenyewe aliandika kwamba bila chepeo ngumu aliyokuwa nayo, asingepona. Kwa jiwe linaloshuka kutoka juu hakuna kizibao cha ngozi kinachosaidia. Kichwa kinahitaji chuma. Lakini chuma hichohicho ndicho kilichomtambulisha kuwa mkubwa wao.

Jua, kutu na mhunzi aliye mbali

Mwaka 1772 mfalme Carlos III alitoa kanuni mpya za mpaka. Zilipanga ngome 15 kutoka Ghuba ya California hadi Ghuba ya Meksiko, takriban kilomita 160 kutoka moja hadi nyingine. Kila askari alitakiwa awe na farasi 6, mwanafarasi mmoja na nyumbu mmoja, na vifaa vilivyoorodheshwa: upanga mpana, mkuki, ngao, gobori, bastola na kizibao cha ngozi. Mshahara ulikuwa peso 290 kwa mwaka, na humohumo ndimo zilimotoka gharama za vifaa na chakula cha familia.

Ukisoma orodha hiyo taratibu utaona kwamba chuma kipo mikononi, na kifuani hakipo tena. Sababu zake si za vita tu. Deraya ikiharibika inahitaji mhunzi, makaa, waya na saa nyingi za kufunga pete mojamoja. Ngome ya jangwani ingekuwa na bahati kama ingekuwa na mhunzi mmoja, naye alikuwa na kwato za mamia ya farasi za kushughulikia. Jasho la askari huleta kutu, na kutu ya pete husafishwa kwa kuzisugua kwa mchanga kwa muda mrefu. Ngozi ilipatikana palepale: paa wapo, ng'ombe wapo, sindano na uzi wa ngozi kila mtu anaujua. Kizibao kikichanika kinashonwa kiraka jioni kando ya moto. Mlinzi wa mpakani hapigani kila siku. Siku nyingi anasafiri, analinda farasi, anasindikiza misafara na barua, kwa hiyo vazi lake linapimwa zaidi na siku hizo kuliko na siku ya vita.

Na bado hata kizibao kilipata wapinzani. Teodoro de Croix, aliyepewa uongozi wa majimbo hayo ya kaskazini mwaka 1776, aliunga mkono vikosi vyepesi visivyovaa kizibao wala kubeba ngao na mkuki. Hoja yake ilikuwa na uzito. Waapache, wenyeji waliopambana na ngome hizo, walipigana milimani, kwa miguu, wakipanda majabali ambako farasi hafiki. Askari aliyevaa ngozi ya kilo 8, mwenye ngao, mkuki, gobori na upanga, akishuka kwenye farasi anakuwa mtu wa kusimama tu. Na wale farasi 6 kila mmoja walikuwa kundi kubwa linalotimua vumbi la kuonekana kutoka mbali na kuwavuta wezi wa farasi. Waliotetea kizibao walijibu kwamba askari aliye peke yake katika nchi ya mishale anahitaji kujua kifua chake kimekingwa, la sivyo hatasogea. Pande zote mbili zilikuwa na ukweli, ndiyo maana vikosi vyepesi vilianzishwa na kizibao nacho kikaendelea kuvaliwa hadi mwanzoni mwa karne ya 19.

Mjadala huo ni hazina kwa mwandishi. Ukitaka maofisa wawili wagombane kwa hoja, bila mmoja kuwa mjinga, wape ugomvi huu.

Upande wa wenyeji

Sasa tuje kwa wale ambao hadithi nyingi huwaacha kifua wazi.

Kwanza, wengi walikuwa na mavazi yao ya vita muda wote. Mgunduzi Mmarekani Meriwether Lewis, alipokutana na Washoshone, wenyeji wa magharibi, mwaka 1805, aliandika kwamba walikuwa na vazi la mikunjo mingi ya ngozi ya swala iliyogandishwa kwa gundi na mchanga, wakilivaa wenyewe na kuwavisha farasi wao, na lilitosha kuzuia mshale. Mchanga katikati ya tabaka za ngozi ni ubunifu wa hali ya juu: ncha ikiingia inasagwa na kupotezwa mwelekeo. Farasi waliovishwa ngozi walikuwa jambo la kawaida katika nyika za Marekani kabla bunduki hazijaenea. Bunduki zilipoenea, uzito ule ukawa hasara bila faida, na mavazi hayo yakatoweka. Kwa hiyo yule mpiganaji wa nyika mwenye kifua wazi unayemjua kwenye picha ni mtu wa zama za bunduki, aliyechagua wepesi baada ya babu zake kuvaa ngozi nzito. Aliiacha silaha ya kujikinga kwa sababu zilezile alizozitaja Croix.

Pili, vifaa vya Wahispania vilihama mikono. Agosti 1680 Wapueblo wa New Mexico waliinuka chini ya kiongozi wao Popé, wakaua watu wapatao 400, wakiwamo mapadri 21, na kuwafukuza Wahispania kwa miaka kumi na miwili. Gavana Antonio de Otermín, aliyezingirwa Santa Fe, aliandika jinsi kiongozi mmoja aliyeitwa Juan alivyokuja kuzungumza naye: juu ya farasi, na mshipi wa kitambaa chekundu ulioonekana kuwa umetoka kwenye kanisa la Galisteo, bunduki, upanga, jambia, kizibao cha ngozi, na silaha zote za Kihispania. Ni mwenyeji anayezungumza na gavana akiwa amevaa vazi la askari wa gavana. Kama ningepewa nafasi moja tu ya kumvisha mwenyeji vazi la adui yake, ningechagua hapo.

Deraya za pete nazo zilisafiri. Huko Kansas, kwenye makazi ya kale ya wenyeji karibu na kijito cha Paint, vipande vya deraya ya pete vilifukuliwa katika miaka ya 1880. Hilo ni eneo la Quivira, ambako Coronado alifika mwaka 1541. Kiwe kilipatikana kwa zawadi, biashara au vita, chuma hicho kilikaa kwa watu ambao vitabu vingi vinasema hawakuwa nacho.

Na mtu maarufu kuliko wote katika habari hii ni Pohebits-quasho, kiongozi wa Wakomanchi ambaye Wamarekani walimwita Iron Jacket kwa sababu ya joho la chuma la Kihispania alilovaa vitani. Watu wake waliamini kwamba ana uwezo wa kupuliza pumzi na kugeuza risasi zinazomjia. Usiidharau imani hiyo. Kwa miaka mingi alitoka mbele ya safu, akapigwa mishale na risasi dhaifu za mbali, akarudi mzima mbele ya macho ya kila mtu. Chuma kilifanya sehemu yake na ujasiri ukafanya sehemu yake, na adui aliyesita kumlenga alimwongezea siku za kuishi.

Tarehe 12 Mei 1858, karibu na vilima vya Antelope katika Oklahoma ya leo, kikosi cha Texas Rangers, walinzi wa jimbo la Texas, chini ya John S. Ford kilivamia kambi yake pamoja na washirika wenyeji, hasa Watonkawa, maadui wa kale wa Wakomanchi. Pohebits-quasho alitoka mbele kama kawaida yake. Risasi za kwanza zilimwangusha farasi, zilizofuata zikamuua yeye. Bunduki za mwaka 1858 hazikuwa zile ambazo joho lake lilitengenezewa.

Mweke sasa sambamba na mlinzi wa ngome. Mlinzi ni mmoja kati ya makumi, anavaa kilichoandikwa kwenye kanuni, anahitaji vazi linaloshoneka na kubadilishwa. Kiongozi wa Wakomanchi ni mtu mmoja anayetakiwa kuonekana. Joho lake halikuwa na la kulibadilisha, halikutoka ghalani, na thamani yake ilikuwa katika kuwa peke yake. Chuma kilimfaa kwa sababu ambazo zingekuwa upuuzi kwa kikosi kizima.

Mipaka mingine ambako jibu linabadilika

Usichukue hitimisho la jangwa la mpaka huo wa Hispania Mpya ukalipeleka kila mahali.

Pwani ya Alaska, Watlingit walivaa mbao ngumu zilizofungwa pamoja kwa kano, juu yake ngozi nene, na kichwani chepeo nzito ya mti iliyochongwa sura ya mnyama au mtu. Mwaka 1792 walimshambulia usiku Alexander Baranov, mkuu wa biashara ya manyoya ya Warusi, naye alieleza kwamba risasi za watu wake zilishindwa kuvipenya vile vifaa vya mbao. Zaidi ya mbao, walikuwapo waliovaa makoti ya ngozi yaliyoshonewa sarafu za Kichina zenye tundu la mraba katikati, moja ikipandana na nyingine. Sarafu hizo zilifika kwa meli zilizonunua ngozi za fisimaji wa baharini na kuzipeleka China. Baranov mwenyewe hutajwa kuwa alivaa deraya ya pete chini ya nguo zake. Kwa hiyo kule pande zote mbili zilikuwa na mavazi ya metali, na upande wenye vazi lililotengenezwa kwa ustadi zaidi ulikuwa wa wenyeji. Katika vita vya Sitka vya 1804 K'alyaan, kiongozi wa vita wa ukoo wa Kiks.ádi, alivaa chepeo ya kunguru na kushika nyundo ya mhunzi. Chepeo hiyo imehifadhiwa Sitka hadi leo.

Kusini mwa Ufilipino, Wamoro wa Mindanao walitengeneza kitu ambacho nadhani ndicho kizuri kuliko vyote katika makala haya: koti la mabamba ya pembe ya nyati au ya shaba nyeupe na nyekundu, yaliyounganishwa kwa pete za shaba, likafungwa mbele kwa bizimu. Ni deraya ya pete na bamba kwa pamoja. Wahispania walijenga ngome yao Zamboanga mwaka 1635, na kwa karne mbili na zaidi waliwakabili watu hawa baharini na nchi kavu. Shaba haili kutu ya chumvi kama chuma, na ufundi wa kuiyeyusha ulikuwapo tayari, kwa kuwa ndio uliotengeneza zile gongo za muziki wao. Chepeo zao nyingi ziliiga umbo la zile za Wahispania. Pembe ni nyepesi na haipashi joto. Hoja zote nilizotoa dhidi ya chuma jangwani, za kutu, mhunzi na uzito, hapa zinajibiwa kwa kubadili madini.

Kwa anayetaka hadithi ya Afrika, Borno, dola ya kale karibu na Ziwa Chad, ndiyo pa kuanzia. Mwaka 1823 Mwingereza Dixon Denham alifika Kuka na kupokewa na wapanda farasi wa Shehu al-Kanemi waliovaa deraya za pete kuanzia kooni hadi magotini, zikiwa zimepasuliwa nyuma ili ziteremke pande mbili za farasi. Vichwa vya farasi vilikuwa na mabamba ya chuma, shaba na fedha, macho tu yameachwa wazi. Nchi za jirani zilijua pia majoho yaliyoshindiliwa. Miezi michache baadaye jeshi hilo liliambatana na Waarabu kwenda kupigana na Wafulani mpakani mwa Mandara, likashindwa na mishale yenye sumu. Bu Khalum, aliyewaongoza Waarabu, alikufa kwa mshale uliompata mguuni. Penye sumu, ulinzi wa kifua peke yake hautoshi. Mkwaruzo wa kidole unatosha kuua, na farasi aliyechomwa hufa kabla ya mpandaji.

Uchague lipi sasa

Hadithi yako ikiwa ya miaka ya 1540 au ya uvamizi wa Florida, changanya. Mpe kiongozi chuma na chepeo, wape wengi pamba iliyoshonwa, na mwache angalau mtu mmoja aanze na deraya ya pete kisha aitupe. Mabadiliko hayo yalitokea kweli na yanamwonesha mtu anayejifunza.

Ikiwa ni ya ngome za karne ya 18, usimvishe mlinzi deraya kabisa. Kizibao cha ngozi, ngao, mkuki, na ile aproni ya tandikoni ambayo karibu kila mchoraji huisahau. Mpe farasi zaidi ya mmoja, kwa sababu bila kundi la farasi askari huyo haeleweki.

Mwenyeji wa nyika mvalishe ngozi yenye gundi na mchanga kabla ya bunduki, na mwache mwepesi baada ya bunduki. Joho la chuma mpe mmoja tu, mtu ambaye kijiji kizima kinajua jina lake, na usiifanye imani yake kuwa kichekesho.

Kwa jukwaa na bajeti ndogo, achana na deraya ya pete. Uzi uliofumwa na kupakwa rangi ya fedha unajulikana kuwa ni uzi hata kutoka safu ya nyuma, na pete za kweli ni kazi ya miezi. Kizibao cha ngozi kinatengenezeka kwa turubai nzito au ngozi ya bandia tabaka tatu, kikashonwa misalaba ya uzi mnene inayoonekana. Kitamfanya mwigizaji asimame wima na kutokwa jasho jinsi inavyopasa. Ukitaka metali inayong'aa jukwaani, nenda kwa Watlingit: ngozi nene na vizibo vya bati vilivyotobolewa katikati, vikapandana kwa safu kutoka chini kwenda juu, ili kila safu ifunike nyuzi za iliyo chini yake. Acha makwapa bila bati, maana mwigizaji atahitaji kuinua mkono wenye nyundo.